Chakazi na Sandarusi

Somo: 1 Wakorintho 3:10–15

Mtume Paulo awaandikia Wakristo wa Korintho habari za wajenzi. Awaambia ya kuwa msingi umekwisha kuwekwa, nao ni Kristo mwenyewe. Lakini juu ya msingi ule watu hujenga kwa vitu mbalimbali, huyu kwa vitu vya thamani, yule kwa miti na nyasi. Nyumba zote husimama, wala mpita njia hawezi kuzipambanua, hata siku ile moto utakapoipima kazi ya kila mtu. Maneno haya twayasoma mara nyingi, na mara nyingi twayapita upesi, kwa sababu sisi hatujengi kwa dhahabu, wala hatujapata kumwona ajengaye hivyo. Basi leo twataka kuyaeleza kwa kitu cha nchi yetu wenyewe, ambacho babu zetu wa pwani walikijua sana na wajukuu wamekisahau.

Katika mkutano wa walimu, wainjilisti na wazee wa sharika tuliokuwa nao Chalinze, shauri moja lilitusumbua kutwa. Ninyi mwajua mahali hapa palivyo. Barabara ya Morogoro na barabara ya Tanga na Arusha huachana hapa. Mabasi hupita mchana, na malori usiku kucha. Watu huja kutafuta riziki kando ya njia, hukaa miezi michache katika chumba cha kupanga, kisha huondoka, na jirani hajui wamekwenda wapi. Basi wazee wa mitaa iliyo barabarani walileta ombi, kwamba mafundisho ya ubatizo wa watu wazima na ya kipaimara yafupishwe, yawe ya miezi mitatu tu. Walisema, "Tukiwaambia miaka miwili, hawatakuwapo. Na tuwape neno upesi, tuwabatize, nao waende na Mungu." Ombi lao halikuwa la kijinga. Waliosema hivyo ni watu wazipendao roho za wenzao, na baadhi yao hutembea kwa miguu mwendo mrefu kila juma kuwatafuta waliopotea.

Tulipopumzika kunywa chai, mwinjilisti mmoja wa upande wa Bagamoyo akatoa mfukoni kitu kilichofungwa katika kitambaa, akakipitisha mkono kwa mkono. Kilikuwa kipande kama yai la njiwa, rangi yake kama asali, chepesi kuliko kilivyoonekana. Mmoja akasema ni kioo. Wa pili akasema ni jiwe. Mzee mmoja wa Kizaramo akakisugua katika kanzu yake, akakinusa, akacheka. "Hii ni sandarusi," akasema. "Marehemu babu yangu alikuwa akiichimba." Kisha tukakiinua kuelekea dirishani, tukaona ndani yake sisimizi mmoja, na miguu yake yote, kana kwamba alikufa jana.

Hapo mwalimu kijana akauliza, "Je, mzee wangu, huu ni mti uliogeuka jiwe?"

Swali lake lilikuwa jema, nasi tutalijibu hapa kwa urefu kuliko tulivyolijibu siku ile. Mti kugeuka jiwe ni jambo la kweli. Shina likianguka na kufunikwa upesi kwa matope, au mchanga, au majivu ya mlima wa moto, mahali ambapo hewa haifiki, kuoza kwake huchelewa sana. Ndipo maji yaliyomo ardhini, yaliyoyeyusha madini yale yale yafanyayo mchanga mweupe na jiwe la gumegume, huingia katika kila kitundu kidogo cha mti na kuyaacha madini yake humo, chembe kwa chembe, hata palipokuwa mti pakawa jiwe. Pete za ukuaji wake zaweza kuonekana bado, na mafundo ya matawi, lakini ukiligonga lalia kama jiwe. Mashina ya namna hii yako Sibiloi, mashariki ya Ziwa Turkana katika nchi ya Kenya. Na huku kwetu, Tendaguru katika Lindi, walikochimba Wajerumani mifupa ya wanyama wakubwa mno wa kale tangu 1909 hata 1913, vipande vya miti iliyogeuka jiwe vimeonekana katika tabaka zile zile za mifupa. Katika mti kama huo umbo limebaki, lakini mti wenyewe karibu wote umekwenda zake, na mahali pake pamekaa kitu kigeni.

Sandarusi siyo hivyo. Hakuna kitu kigeni kilichoingia na kukaa mahali pake. Ni utomvu ule ule uliotoka mtini, isipokuwa umelala mchangani muda mrefu, umepoteza mvuke wake, nao umeshikamana ndani yake hata ukawa mgumu. Katika maneno ya siku hizi tungesema bado uko njiani, haujawa kaharabu.

Mti wake huitwa msandarusi, na wengine huuita mnangu. Wenye elimu ya mimea wauita Hymenaea verrucosa. Humea katika misitu ya pwani yetu, na Madagaska pia. Majani yake hukaa mawili mawili kama kwato ya mbuzi, maua yake ni meupe, na tunda lake lina vinundu vilivyojaa utomvu. Mdudu akilitoboa gome, au tawi likivunjwa na upepo, au moto wa nyika ukiliunguza shina, utomvu hutiririka na kuliziba jeraha. Huo ndio mwanzo wa sandarusi. Wale wadudu tuwaonao ndani yake walikuja kwa jeraha la mti, wakanaswa. Mengine hudondoka chini penye mizizi, hufunikwa kwa majani, kisha kwa mchanga, na mti hufa kwa wakati wake, na pengine msitu wote huondoka pakawa nyika.

Sasa angalieni jambo hili, maana ndilo tulilolitaka. Watu wa pwani waliijua sandarusi kwa namna tatu. Ya kwanza ni ile ya mtini, iliyobandikwa na mkono katika gome. Ya pili ni ile iliyolala chini ya mti siku zisizo nyingi, juu juu katika udongo. Hiyo waliiita chakazi. (Wageni walipolisikia neno hili walilipotosha katika vinywa vyao hata likawa jina la punda katika lugha yao, na kwa jina hilo la dharau likaandikwa katika vitabu vya biashara.) Ya tatu ni sandarusi ya kweli, nayo yachimbwa mahali ambapo mara nyingi hakuna msandarusi hata mmoja uliosimama. Mtu asiyejua angepita pale akasema nchi hii ni tupu.

Zamani wengi walidhani kwamba sandarusi ya shimoni ni ya mti mwingine uliokwisha kutoweka duniani. Bwana John Kirk, mganga na mjuzi wa mimea aliyefika Unguja mwaka 1866 na baadaye akawa balozi wa Uingereza huko, aliyatazama majani na maua yaliyonaswa ndani ya vipande vya shimoni, akaona kuwa ni ya mti ule ule ulio hai pwani. Na kuhusu umri wake, wako waliosema mamilioni ya miaka. Lakini wataalamu waliopima katika miaka ya karibuni wameona kuwa sandarusi nyingi ya Afrika Mashariki na Madagaska ni ya maelfu ya miaka, na nyingine ya mamia tu. Hatuoni haya kuipunguzia umri wake. Mia chache za miaka mchangani zatosha kuwashinda wanadamu kwa subira.

Kazi ya kuichimba ilikuwa hivi. Udongo ulipolainishwa na mvua, watu walikwenda katika nyanda za mchanga mwekundu wakiwa na jembe dogo na kikapu, wakachimba mashimo kama futi tatu au nne, wakachekecha mchanga kwa mikono. Siku nyingine walipata kipande cha kujaa kiganja, siku nyingine punje kama za mahindi, siku nyingine hawakupata kitu. Mwingereza Richard Burton, aliyeondoka Kaole karibu na Bagamoyo mwaka 1857 pamoja na Speke kuyatafuta maziwa ya bara, alieleza uchimbaji huu katika kitabu chake, naye aliwalaumu wachimbaji kwa uvivu. Sisi twafikiri kwamba mtu alipwaye kipande cha nguo kwa shimo alilolichimba juani, na bei ya mwisho ya mali yake haijui, ana haki ya kupumzika kidogo kivulini. Lakini hilo ni la hotuba nyingine.

Toka mashimoni mali ilikwenda kwa wachuuzi, na toka kwa wachuuzi hata bandari za Bagamoyo na Mbwamaji na nyinginezo, ikapimwa kwa frasila, ikavuka kwa majahazi hata Unguja. Marekani ilifanya mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, na wafanyabiashara wa mji wa Salem katika Massachusetts wakawa wanunuzi wakubwa. Wao walileta nguo ile ambayo mpaka leo jina lake ni merikani, wakachukua pembe na ngozi na sandarusi. Chakazi ilikwenda zaidi Bara Hindi na China. Sandarusi ya kweli ilikwenda Marekani, Hamburg na London, ikatengenezwa vanishi iliyo ngumu kupita zote, ya kupaka magari ya farasi ya matajiri, na meza, na milango, na baadaye mabehewa ya reli. Kwa miaka mingi hapakuwa na utomvu mwingine duniani uliouzwa kwa jina jema kuliko ule wa Unguja, ingawa Unguja haikuwa shamba lake bali mlango wake tu. Baadaye, katika miaka ya 1920 na 1930, viwanda vilijua kutengeneza vanishi kwa njia nyingine, upesi na kwa bei ndogo, na mashimo yakaota majani.

Lakini mnunuzi alijuaje ya kweli na ya uongo? Maana mali ililetwa imechanganyika. Chakazi na sandarusi zote ni za rangi ya asali, zote hung'aa, na kila kipande cha shimoni kina gamba la udongo linaloficha yaliyo ndani. Mwenye haraka alidanganyika. Mwenye ujuzi aliitia katika maji ya magadi, akaliondoa gamba lile kwa kusugua. Na sandarusi ya kweli ilipokauka ilionyesha uso wenye vipele vidogo vidogo, sawasawa na ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Chakazi haina uso ule. Tena, chakazi ukiidondoshea spiriti huanza kunata, na kila kiigusacho hushikamana nayo: vumbi, unywele, uzi wa nguo. Sandarusi ya kweli haifanyi hivyo, au hufanya kidogo sana.

Na moto? Hapa ndipo Mtume alipotushika. Sandarusi ya kweli, kwa ugumu wake, haikubali kuchanganyika na mafuta. Waweza kuipika na mafuta ya kitani siku nzima, nayo ikakaa chini ya sufuria kama kokoto. Mafundi wa vanishi walilazimika kwanza kuiyeyusha peke yake kwa moto mkali kupita nyuzi 300, ikatoa povu na moshi, ikapoteza kama robo ya uzito wake. Na baada ya hasara hiyo tu ilikubali mafuta, ikawa kitu cha kulinda mti wa mwingine usiharibiwe na mvua. Twaomba mlifikiri neno hili, hasa ninyi mnaodhani kwamba Mkristo akiwa wa kweli hapotezi kitu motoni. Paulo hasemi hivyo. Asema wako watakaookolewa wakiwa wamepata hasara.

Basi tulipomaliza chai tukarudi katika shauri letu, na kile kipande kilikuwa mezani.

Hapo ilitupasa sisi wenyewe kusema ukweli wa yaliyotupata, nasi tunauandika hapa ili wengine wasiurudie. Miaka kadhaa iliyopita, katika mtaa mmoja tuliokuwa tukiusimamia, tuliharakisha darasa. Sikukuu ilikuwa karibu, mgeni mkubwa alitazamiwa, na taarifa ya mwaka ilihitaji hesabu. Hatukuambiwa na mtu tufanye hivyo, tulijiambia wenyewe. Tuliwafundisha watu wazima kwa miezi mitatu, jioni mbili kwa juma, tukazikaririsha Amri Kumi, tukaieleza Imani kwa haraka, tukafunga kitabu. Siku ya sikukuu walisimama mbele ya madhabahu na nguo nyeupe, waimbaji waliimba, picha zilipigwa. Tulifurahi. Hatusemi kwamba ubatizo wao haukuwa ubatizo. Neno la Mungu na maji havipungukiwi nguvu kwa sababu ya haraka ya mwalimu. Hilo Katekisimo yatufundisha wazi. Twasema juu ya kazi yetu, si juu ya kazi ya Mungu.

Katika wale alikuwamo baba mmoja, mtu wa kazi, aliyekuwa akipakia mizigo katika malori. Mwaka wa pili mtoto wake akaugua, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Tulikwenda msibani, tukazika, tukarudi. Baada ya hapo hatukumwona tena kanisani. Tukasikia anakwenda kwa mtu mmoja aliyejiita nabii, aliyewauzia watu maji na mafuta, akawaambia kwamba mtoto alikufa kwa sababu ya adui katika ukoo. Baba huyu aliamini, akagombana na ndugu wa mkewe, na nyumba ile ikavunjika.

Tulimwendea. Kusema kweli, tulimwendea na maneno ya kumkemea. Akatupa kiti, akatusikiliza hata mwisho, kisha akasema kwa upole:

"Mwalimu, sikatai, nimekosa. Lakini mtoto aliponifia, usiku ule nilitaka kusali, nikasali Sala ya Bwana, maana naijua kwa mdomo. Nikafika ombi la tatu nikasimama. Nikajiuliza, mapenzi hayo ya Mungu ndiyo haya? Mtoto wangu? Sikujua. Sisi darasani hatukufika huko. Kitabu mlikifunga kwenye Imani. Yule mtu mwingine alikuwa na jibu, nami nilikuwa na cheti."

Hatukuwa na neno la kumjibu siku ile. Tuliomba pamoja naye, tukaondoka, na njiani hakuna aliyesema kitu.

Ndugu zetu, chakazi si kitu kiovu. Imetoka katika mti ule ule, kwa jeraha lile lile. Wala haina kosa kwamba bado ni changa. Kosa ni la mchuuzi aliyeitia katika kapu moja na sandarusi na kuiita kwa jina hilo. Mtu aliyeijia Injili miezi mitatu iliyopita ni mpenzi wa Mungu sawasawa na mzee wa miaka sabini. Lakini ukimwambia, "Umekwisha kuiva, nenda," umemwongopea, na moto utakapomfikia atashikamana na kila kimgusacho. Hakunata kwa ubaya wake. Amenata kwa sababu hajapewa muda wa kulala mchangani.

Mmoja wa wazee alitupinga hapa, na pingamizi lake lilikuwa zuri kuliko hotuba yetu. Akasema, "Mwalimu, sandarusi hukaa mahali pamoja miaka mia tano. Watu wangu hawakai mahali pamoja miezi mitano. Utawazika wapi?" Watu wakacheka, nasi tukacheka, lakini lilikuwa swali la kweli.

Ndipo yule mwinjilisti mwenye kipande akaomba nafasi. Akatuambia habari za bibi mmoja aliyemkuta katika kijiji upande wa mto Wami. Bibi huyu alizaliwa katika nyumba ya Wakristo mbali na huku, akaolewa, akahamia kwa ndugu za mumewe walio Waislamu, nao walikaa naye kwa heshima na amani. Kanisa la karibu halikuwapo. Katika daftari zetu jina lake halimo. Kama liliandikwa mahali fulani, lilikwisha kufutwa. Mwinjilisti alisimama kwake kuomba maji ya kunywa tu. Bibi alipoiona ile Katekisimo ndogo mkononi mwake akasema, "Mwanangu, hebu nisikilize kama bado ninayo." Akaanza Amri ya kwanza na maelezo yake, akaenda bila kusita, Imani, Sala ya Bwana na kila ombi, Ubatizo, hata Meza ya Bwana. Zaidi ya miaka thelathini hakuna aliyemwuliza. Alipofika mwisho alimwambia kwamba alikuwa akiyasema peke yake wakati wa kutwanga, maana mwalimu wake wa zamani alimkalisha darasani miaka miwili na kumrudisha nyuma kila alipokosea, naye alimchukia sana mwalimu yule wakati ule.

Mwinjilisti akasema, "Hapo kijijini mimi nilipita mara nyingi, nikiandika katika ripoti kwamba hakuna Mkristo."

Shauri letu likageuka. Hatukuweza kuwalazimisha watu wakae Chalinze. Hilo halimo mikononi mwetu, ni kazi ya njaa na ya mabasi. Lakini tuliona kwamba swali la yule mzee lina jibu: udongo si lazima uwe shamba moja. Tulipatana hivi. Mafundisho hayatafupishwa. Kila mwanafunzi atapewa daftari dogo, na mwalimu ataandika ndani yake kwa mkono wake ni wapi walipofika, amri ya ngapi au ombi la ngapi, na tarehe. Akiondoka kwenda Segera, au Morogoro, au Dar es Salaam, atakwenda nalo, na mwalimu wa huko amwendeleze kutoka hapo, asimwanzishe upya wala asimruke. Twawasihi walimu wa sharika nyingine wasomao haya, mkimwona mtu mgeni analeta daftari la namna hiyo, msiseme, "Hatuijui desturi hii." Mkaribisheni, fungueni ukurasa. Na aliye katika hatari ya kufa, au mgonjwa, habari zake ni nyingine. Huyo hatumpimi kwa miaka, naye asicheleweshwe hata saa moja.

Wazee wawili hawakukubali, wakasema tutapoteza watu. Huenda watu watapungua kweli katika taarifa ya mwaka huu. Tumewaomba waliopinga wawe wa kwanza kutukumbusha endapo wataona tunafanya mafundisho marefu kwa ajili ya uvivu wetu, si kwa ajili ya wanafunzi. Maana hata hilo lawezekana, na mwalimu asiyejitayarisha aweza kujificha nyuma ya neno "subira" miaka mingi.

Kipande kile mwinjilisti alitaka kutuachia, tukakataa, tukamwambia akipeleke kwa wanafunzi wake wakione sisimizi. Misandarusi yenyewe imepungua. Mingi hukatwa kwa mbao na kwa mkaa, na magunia ya mkaa yamepangwa kando ya barabara yetu kila siku. Mwenye mti huo shambani kwake na awaonyeshe watoto majani yake mawili mawili kabla hajaamua kuukata.

Yule baba tuliyemtaja tulimwendea tena, mara hii bila maneno ya kukemea. Tulimwomba radhi kwa kitabu tulichokifunga. Alikaa kimya, kisha akauliza darasa ni siku gani. Sasa aja kila Jumanne baada ya kazi, mikono yake ina vumbi la saruji, aketi benchi la nyuma pamoja na vijana wa kipaimara walio wadogo kuliko umri ambao mtoto wake angekuwa nao siku moja. Mkewe hajarudi bado. Tulianza naye pale pale tulipokomea, hatukumrudisha Amri ya kwanza. Juma lililopita tulifika ombi la tatu, na alipolisoma kwa sauti alisimama tena katikati. Vijana wakageuka kumtazama, nasi tukangoja.